Springi Ngumu si Dawa: Uhakiki wa Umbo la Klachi ya Bodaboda

Katika kata ya Nambis, Mbulu, klachi mbovu haina pa kujificha. Kwenye lami tambarare ya mjini dereva anaweza kuachia mkono wa klachi kwa pupa, pikipiki ikaruka kidogo, abiria akadhani ni mbwembwe za ujana. Nambis safari nyingi huanzia mlimani. Pikipiki imeelekea juu, nyuma amekaa mama mwenye mtoto mgongoni, au limefungwa gunia la vitunguu saumu, na chini ya matairi kuna udongo ambao mvua ikishuka hugeuka utelezi. Hapo muda mfupi kati ya kubana na kuachia ndio unaoamua kama chombo kitapanda au kitaruka. Klachi ikikamata kwa kushtua, gurudumu la mbele linataka kunyanyuka, la nyuma linachimba tope, na abiria anamng'ang'ania dereva mabegani. Dereva akijaribu tena kwa kuongeza mafuta, mshtuko unakuwa mkubwa zaidi.

Ninataka kuihakiki klachi hiyo kama tunavyohakiki kazi yoyote iliyobuniwa kwa makusudi: sehemu zake zimepangwaje, kwa nini zimepangwa hivyo, na nini hutokea mtu anapobadilisha sehemu moja kwa nia ya kuiboresha. Nasema mapema ninakoelekea. Klachi ya pikipiki imeumbwa iteleze. Kushika ndio mwisho wa kazi yake, na kabla ya mwisho huo kuna kuteleza kwa utaratibu, ambako ndiko kunakotofautisha klachi njema na klachi mbaya. Maboresho mengi yanayoshauriwa gereji huipima klachi kwa nguvu ya kushika peke yake. Ndiyo maana dereva analipa, anaondoka, na mshtuko unabaki palepale.

Umbo hili lina asili yake, na asili hiyo imeandikwa kwenye chuma. Pikipiki nyingi za Kichina zinazopanda vilima vya Manyara zina injini iliyopigwa mhuri wa 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza inasema silinda ni moja. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F ni injini inayopozwa kwa upepo, M ni ya pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ujazo: I kwa 125, J kwa 150. Ukoo wa injini hizo unarudi kwa Honda CG125, pikipiki iliyoingia sokoni mwaka 1976, mwaka uleule ambao kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazil, kilianza kazi kwa kuiunda. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo kupita kiasi, hupita njia mbaya, na hubadilishwa oili kwa kuchelewa. Waliacha mtindo wa kuweka kemshafti juu ya silinda, wakarudi kwenye vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini, kwa sababu mpangilio huo unavumilia zaidi oili iliyochoka. Boxer na TVS ni za ukoo mwingine, lakini klachi zao zinafuata kanuni ileile, na mengi nitakayosema yanazihusu pia.

Tufungue kifuniko cha upande wa kulia. Kinachoonekana kwanza ni springi, kwa kawaida nne, zilizobanwa kwa bolti juu ya sahani ya duara. Chini ya sahani hiyo pleti zimepangwa kwa zamu: ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, ya chuma, hadi ya mwisho ambayo ni ya msuguano tena. Klachi ya kawaida ya 125 ya ukoo huu ina pleti tano za msuguano na nne za chuma. Zile za msuguano zina vijino kwa nje, navyo vinaingia katika nafasi zilizopo kati ya vidole vya bakuli la alumini. Zile za chuma zina meno kwa ndani, zinakaa kwenye kitovu kilichoshikana na shafti ya gia. Kundi la kwanza linazunguka na injini, kundi la pili linazunguka na gurudumu, na kinachoyaunganisha ni mgandamizo wa springi tu. Hakuna bolti wala ufunguo kati yao.

Mpangilio huu wa zamu ndio hoja kuu ya umbo zima. Kila pleti ya msuguano ina nyuso mbili, kwa hiyo pleti tano zinatoa nyuso kumi. Mbunifu angeweza kutumia pleti moja pana na springi kali sana, kama ilivyo kwenye magari mengi, ambako mguu ndio unaokanyaga. Kwenye pikipiki kazi hiyo inafanywa na vidole vya mkono wa kushoto, tena siku nzima. Akaamua kuigawa nguvu katika nyuso nyingi nyembamba zinazogandamizwa kwa kiasi, zote zikielea ndani ya oili. Kila uso unabeba kidogo. Hata kasi imepunguzwa kabla ya kufika hapo: gia ya kwenye krenki ina meno 18 na gia kubwa ya klachi ina 73, kwa hiyo injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, bakuli linazunguka chini kidogo ya mara 1,000. Klachi haipokei fujo ya krenki moja kwa moja. Inapokea mwendo uliotulizwa, nayo inaongeza utulivu wake kabla ya kuupeleka kwenye gia.

Hata nyuma ya bakuli, mahali ambapo gia kubwa imepigiwa rivet, kuna springi fupi au raba zilizofichwa. Ukilishika bakuli kwa mkono mmoja na gia kwa mwingine ukajaribu kuvipinda kinyume, unasikia kauchezi kadogo kenye upinzani. Hako kauchezi kamewekwa makusudi kameze pigo la kila mwako wa injini. Bakuli likizeeka, uchezaji unakuwa mkubwa na upinzani unakwisha. Pleti zitabadilishwa mara zote na pikipiki itaendelea kugonga inapoondoka. Ni sehemu ambayo hailali mezani pamoja na pleti na springi wakati wa ukaguzi, na nadhani ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Mkono unapoachiwa taratibu, springi zinaanza kurudisha sahani. Safari yake yote ni milimita mbili hivi. Mwanzoni pleti zinapita bila kugusana kwa dhati. Kisha zinagusana zikiwa bado na kasi tofauti, na oili inakamuliwa kutoka kati yake. Mwishoni kasi zinalingana, makundi mawili yanakuwa kitu kimoja. Kipindi cha katikati ndicho kinachoihukumu klachi. Abiria hana habari na mwanzo wala mwisho. Anachokisikia mgongoni ni hicho cha katikati.

Mshtuko huzaliwa hapo kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza iko kwenye nyuso zenyewe. Pleti nzuri inashika vilevile, au zaidi kidogo, ikiwa inateleza kwa kasi kuliko ikiwa inakaribia kusimama. Pleti iliyoungua na kung'aa kama kioo inageuza uhusiano huo: kadiri mtelezo unavyopungua, ndivyo inavyoshika zaidi. Matokeo yake ni kukamata, kuachia, kukamata tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na chombo kizima kinatetemeka. Njia ya pili iko kwenye mwendo wa pleti kwenda mbele na nyuma. Ili zibanwe na ziachiane, lazima vijino vyake viteleze juu ya vidole vya bakuli bila kizuizi. Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Vidole vya bakuli ni vya alumini, metali laini kuliko vijino vya pleti vinavyovigonga. Kila dereva anapoongeza mafuta kijino kinapiga upande mmoja wa kidole, na kila anapopunguza kinapiga upande wa pili. Baada ya miaka ya kupanda na kushuka, kila kijino kimejichimbia kitanda chake. Pitisha ukucha ubavuni mwa kidole: badala ya uso laini utakuta mfululizo wa mashimo, kila moja likiwa na upana wa pleti moja. Pikipiki hiyo ikiondoka, pleti ya kwanza inasogea, ya pili inanaswa kwenye ukingo wa shimo lake, nguvu inajikusanya nyuma yake, kisha inachomoka ghafla na kuzisukuma zilizobaki.

Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, wana slufay, ile sala yenye umbo la shairi ambayo mzee huitamka kwenye mikusanyiko na waliohudhuria wakaiitikia. Aliyewahi kuisikia anajua kwamba uzuri wake hauko kwa msemaji peke yake. Uko katika muitikio kuingia mahali pake, wote pamoja, baada ya kila kauli. Klachi yenye vidole vilivyochimbika imepoteza muitikio. Kauli ya mkono ni moja, laini na ya taratibu, lakini pleti zinajibu kila moja kwa wakati wake, na mbili za mwisho zinapaza sauti kwa pamoja. Dereva analaumiwa kwamba hajui kuachia klachi, ilhali ameiachia vizuri kabisa.

Sasa twende kwenye maboresho. Dereva anafika gereji na kusema, "Fundi, klachi inashtua." Jibu la kawaida ni, "Imeisha hiyo, mdogo wangu. Tuweke pleti mpya na springi ngumu." Wapo wanaokwenda njia ya bei nafuu zaidi: wanatia washa chini ya kila springi ya zamani ili zibanwe kwa nguvu. Ushauri huu hautoki kwenye ujinga. Umetoka kwenye tatizo jingine, la klachi inayoteleza kupita kiasi: injini inapiga kelele mlimani na pikipiki haiendi. Kwa tatizo hilo springi ni sehemu halali ya jibu. Lakini kuteleza na kushtua ni maradhi mawili tofauti, na dawa ya la kwanza inalichochea la pili.

Hesabu yake ni rahisi. Nguvu ambayo klachi inaweza kuibeba inategemea vitu vinne vinavyozidishana: ukali wa msuguano, mgandamizo wa springi, nusu kipenyo cha pleti, na idadi ya nyuso. Tuchukue mfano: springi nne, kila moja ikisukuma kwa kilo 20, jumla ni kilo 80. Weka springi zenye nguvu zaidi kwa asilimia 25, jumla inakuwa kilo 100. Uwezo wa kushika umeongezeka kwa robo, ni kweli. Lakini safari ya sahani imebaki ileile ya milimita mbili. Kilo 20 za ziada zimesukumwa ndani ya nafasi ileile finyu, kwa hiyo kila kisehemu cha mwendo wa kidole sasa kinaleta nguvu nyingi zaidi kuliko kwanza. Kipindi cha katikati, ambacho ndicho kilichokuwa kinaumwa, kimefanywa kifupi. Kama kuna mashimo kwenye vidole vya bakuli, pleti inayonaswa inachomoka ikiwa imesukumwa na nguvu kubwa zaidi.

Na mkono je? Mkono wa klachi unakuwa mzito kwa robo hiyohiyo. Asubuhi dereva haoni shida. Jioni, baada ya kupanda na kushuka vilima siku nzima, vidole vimechoka na vinaanza kuachia ghafla vikifika karibu na mwisho. Mbunifu wa mwanzo aliigawa nguvu katika nyuso kumi ili kuulinda mkono huo, na springi ngumu zinaufuta uamuzi wake. Washa zina dosari nyingine juu ya hiyo: springi iliyokwisha kubanwa na washa inaweza kufikia mahali mizunguko yake inagusana kabla sahani haijanyanyuka vya kutosha. Matokeo ni klachi inayoshika kwa nguvu na haiachii kikamilifu, na gia zinaanza kuingia kwa kugonga.

Kuna namna nyingine ya kuongeza nguvu, na kwa umbo ninaiona bora mara nyingi. Klachi za injini kubwa zaidi za ukoo huu, hasa za 200, hutumia pleti sita za msuguano. Nyuso zinakuwa kumi na mbili badala ya kumi. Uwezo umeongezeka kwa asilimia 20 bila kugusa springi, bila kuuelemea mkono, na bila kuongeza ukali wa mgandamizo katika uso wowote. Hili ni boresho linaloheshimu hoja ya mbunifu wa kwanza: limeongeza watu wa kubeba, halijamwongezea kila mmoja mzigo. Sharti lake ni kwamba bakuli, kitovu na sahani viwe vya seti moja. Kulazimisha pleti sita katika bakuli la tano ni kuharibu vyote, kwa kuwa hakuna nafasi ya kuachiana.

Mfano wenye mafunzo zaidi unatoka kwenye pikipiki kubwa. Honda, Suzuki na Kawasaki, katika baadhi ya miundo yao, huweka ndani kabisa ya klachi pleti moja ya msuguano iliyo nyembamba kwa upana kuliko nyingine. Katika nafasi iliyobaki kwa ndani wanaweka ringi mbili: moja bapa, na nyingine iliyopindwa kidogo kama kisahani, nayo ni springi. Kazi ya ringi hizo haihusiani na kuongeza nguvu. Zinakaa hapo ili pleti ya kwanza kugusana isibanwe kwa ukali, iguswe kwanza kwa upole, na nyingine zifuate. Kampuni hizo zimekubali kupoteza eneo la msuguano kwa ajili ya kuondoka bila kutetemeka. Halafu angalia seti za mashindano: nyingi zinaagiza uzitupe ringi hizo na uweke pleti pana ya kawaida, ili eneo lote litumike kushika. Kwa mwanamashindano anayeondoka mara moja kwa kasi yote, hilo lina maana. Kwa dereva anayeondoka mara nyingi kwa siku akiwa na mama mjamzito nyuma yake, kilichotupwa ndicho kilichokuwa na thamani. Neno boresho halisemi lolote mpaka useme unaboresha kwa ajili ya safari ipi.

Kipimo hicho nakitumia pia kwa bakuli. Kampuni kama Hinson na Barnett za Marekani hutengeneza mabakuli yaliyochongwa kutoka kwenye kipande kizima cha alumini na kufanywa uso mgumu, ili vijino visichimbe haraka. Wazo ni sahihi kabisa, kwa sababu linagusa chanzo cha ugonjwa. Ila hutengenezwa hasa kwa pikipiki za mashindano, na bei yake haifanani na kipato cha kijiweni. Kwa 125 ya Mbulu, boresho la maana ni bakuli jipya la kawaida lenye alumini nzuri na rivet zilizokaza. Mashimo yakiwa bado mepesi, tupa ya msasa mwembamba inaweza kuyasawazisha, mradi kila kidole kipunguzwe kwa kiasi kilekile na pasibaki ukingo. Yakiwa marefu, kupiga tupa ni kununua muda tu: nafasi kati ya kijino na kidole imepanuka, na kila kijino kitapiga kikiwa kimetoka mbali zaidi.

Kuhusu nyenzo za pleti nitapita haraka. Zipo za koki, za karatasi maalumu iliyoshindiliwa kwa gundi, na zenye nyuzi za aramidi, ambazo wengi wanazifahamu kwa jina la Kevlar. Za aramidi hudumu zaidi kwenye joto. Za karatasi na koki zikiwa za ubora mzuri hukamata kwa upole na zinatosha kabisa kwa injini hizi. Muhimu kuliko nyenzo ni unyoofu wa zile za chuma. Zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha na ujaribu kupitisha kipimo cha milimita 0.2 chini yake. Ikipita, pleti hiyo imepinda, na haitagusana na mwenzake pande zote kwa wakati mmoja. Iliyogeuka rangi ya bluu imepata joto kali na haifai kurudishwa. Spea za bei ya chini hukosea zaidi hapa: kifurushi kinavutia, pleti za msuguano zinapendeza, na zile za chuma zimetoka kiwandani zikiwa zimepinda au na makali ya kukatwa ambayo hayakusuguliwa. Fundi makini huyapanga makali yote yaelekee upande mmoja, na huzilowesha pleti mpya za msuguano kwenye oili kabla ya kuzifunga.

Oili ni sehemu ya umbo, ingawa hatuihesabu kama spea. Katika injini hizi oili ileile, karibu lita moja, inalainisha pistoni, inalainisha gia na inaogesha klachi. Wajapani waliweka kiwango cha JASO T 903 mwaka 1998 kwa sababu oili za magari zilikuwa zinatiwa viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na viungo hivyo vinazinyima pleti za pikipiki uwezo wa kushika. Kiwango hicho hupima vitu vitatu: msuguano wakati pleti zinateleza, msuguano zikiwa zimesimama, na muda zinaochukua hadi kusimama. Yaani hata wataalamu wa maabara waliona kwamba swali la kama inashika halitoshi. Ni lazima ujue inashikaje. Soma nyuma ya chupa. Herufi MA, au MA2, zinaifaa klachi ya aina hii, MB haifai. Oili ya gari haileti mshtuko siku ya kwanza. Inaleta mtelezo, mtelezo unaleta joto, joto linaunguza pleti hadi zing'ae, na miezi baadaye mshtuko unaanza, wakati hakuna anayeikumbuka tena ile chupa.

Upande huohuo wa kulia, mwishoni mwa krenki, injini za ukoo wa CG zina kikombe kidogo kinachochuja oili kwa kuzunguka kwa kasi, na uchafu unabaki umeganda ukutani mwake. Unga wa pleti zilizolika unaishia humo. Kufungua klachi na kufunga bila kusafisha kikombe hicho ni kuzirudishia pleti mpya uchafu wa zile za zamani. Kazi yenyewe inahitaji petroli kidogo na kitambaa, na gasketi tayari umeinunua.

Kuna pia sababu zilizo nje ya klachi, na zinastahili dakika chache kabla kifuniko hakijafunguliwa. Waya wa klachi uliokauka au wenye nyuzi zilizokatika husafiri kwa kukwama na kuchomoka, na klachi nzima inaonekana mgonjwa. Vumbi la kiangazi huumaliza waya mapema. Waya mpya wenye utando wa nailoni ndani, uliopitishwa bila kona kali, na mkono wenye nafasi ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta, ndilo boresho la bei ndogo kuliko yote na mara nyingi ndilo linalotosha. Cheni iliyolegea na raba zilizokufa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma nazo hutoa pigo wakati wa kuondoka, ila hizo hupiga pia ukiwa mwendoni kila unapofungua na kufunga mafuta. Klachi hupiga wakati wa kuachia tu. Na asubuhi za baridi za Juni na Julai, pikipiki inayoruka mara moja tu unapoingiza gia ya kwanza ina pleti zilizogandiana kwa oili nzito. Bana mkono wa klachi, piga kiki mara chache injini ikiwa imezimwa, kisha washa.

Ufungaji nao unahukumu. Bolti za springi ni ndogo, na vinguzo vinavyozishika vinavunjika kwa urahisi. Zikazwe kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo, hadi zote zifike pamoja. Nguvu ya Nm 10 hadi 12 inatosha. Bolti moja ikitangulia, sahani inakaa upande, na pleti zilizonyooka vizuri zinabanwa kwa mshazari. Springi zibadilishwe zote kwa pamoja, za urefu na ugumu mmoja, kwa kipimo kilekile cha kiwandani. Springi moja mpya kati ya tatu za zamani ni kosa baya kuliko zote nne kuwa za zamani.

Hukumu yangu kwa maboresho yanayouzwa, basi, ni hii. Waya mzuri, oili ya MA, pleti za chuma zilizonyooka na bakuli lenye vidole laini vinairudishia klachi kazi yake ya kuteleza, na vinastahili pesa. Pleti ya sita pamoja na bakuli lake inastahili kwa anayebeba mizigo mizito kweli. Springi ngumu kwenye klachi inayoshtua hazistahili hata shilingi.

Wewe unayeendesha au kumiliki pikipiki Nambis, Dongobesh au Katesh, ukiambiwa klachi yako inataka springi ngumu, mwombe fundi kwanza akuoneshe vidole vya bakuli na azilaze pleti za chuma juu ya kioo mbele yako. Usilipie springi kabla hujaviona.